Goma: Umenunua upanga wa zamani Majengo? Uangalie kwanza kabla ya kuamini hadithi yake

Katika kartie Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma, vitu vilivyokwisha kutumiwa vinauzwa kila siku: resori za gari, sufuria, milango ya chuma, misumari iliyonyoshwa, vyombo vya kazi vya fundi aliyehama. Mara moja moja, kati ya vyuma hivyo, kunaweza kutokea upanga ambao si mpanga wa kukatia majani. Ni mrefu, mpini wake umefungwa kwa waya au ngozi, na kutu imeufunika. Kisha inafuata hadithi: ni wa Waarabu, ni wa Tippu Tip mwenyewe, ni wa mwami fulani, ni wa ofisa Mbelgiji. Jina likiwa kubwa, na bei inakuwa kubwa.

Katika biashara ya namna hii watu wa aina mbili wanapata hasara. Wa kwanza ni yule anayetoa dola zake kwa upanga uliofuliwa juzi kutoka resori ya gari. Wa pili ni yule aliye na upanga wa kweli, uliotunzwa na babu yake, anayeuuza kwa kilo kama vyuma chakavu, vile watu wetu wanavyoita mitraye. Wote wawili wangeweza kuepuka hasara hiyo kama wangejua waangalie nini.

Wanaofanya kazi ya kuchunguza silaha za zamani wana kanuni moja: chuma kinaangaliwa kwanza, hadithi inasikilizwa baadaye. Hadithi inaweza kubadilika kila upanga unapobadilisha mwenyewe. Chuma, mpini na ala vinabaki na alama za kazi iliyofanyika juu yavyo.

Panga za kigeni zilifikaje upande wetu

Sehemu kubwa ya hadithi za panga mashariki mwa Congo inarudi kwenye misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka Zanzibar na Pwani katika karne ya 19, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Kiongozi aliyejulikana kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye makao yake makubwa yalikuwa Kasongo, Maniema. Mwaka wa 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Léopold wa Pili. Baadaye alirudi Zanzibar, na ndiko alikofia mwaka wa 1905. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20.

Kiswahili chetu cha mashariki, kile wazee walichokiita Kingwana, kilipita katika njia hizo hizo. Hata jina Majengo haliko Goma peke yake: Nairobi kuna Majengo, Mombasa kuna Majengo, Moshi kuna Majengo. Lugha, majina, nguo, bunduki na panga vilisafiri katika biashara moja.

Vita kati ya wafanyabiashara hao na jeshi la Léopold vilianza mwaka wa 1892 na kwisha mwaka wa 1894. Jeshi liliongozwa na Francis Dhanis. Nyangwe ilichukuliwa tarehe 4 mwezi wa tatu 1893, na Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne mwaka huo huo. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa kabla ya mwaka huo kwisha. Rumaliza, aliyetawala biashara upande wa Ujiji na kaskazini mwa Tanganyika, alishindwa mwanzoni mwa 1894. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja na Dhanis, alitoa kitabu mwaka wa 1897 na kueleza utajiri waliokuta ndani ya nyumba za Kasongo. Mali hiyo ilitawanyika: nyingine mikononi mwa maaskari, nyingine kwa machifu walioungana nao, nyingine ikapelekwa Ulaya.

Lakini tukumbushe jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Katika misafara ile, silaha iliyoua watu wengi ilikuwa bunduki. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, David Livingstone alishuhudia soko la Nyangwe likishambuliwa kwa risasi. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Upanga ulikuwa zaidi alama ya cheo: mtu mkubwa aliuvaa ili aonekane mkubwa. Kwa hiyo muuzaji anapoonyesha doa jeusi juu ya upanga na kusema ni damu ya watumwa, huo si ushahidi. Damu haikai juu ya chuma miaka 130 ikingoja mnunuzi. Doa jeusi kwa kawaida ni kutu ya zamani.

Jambo jingine: misafara ile ilikuwa na nguvu Maniema, kandokando ya mto Lualaba na Tanganyika, kuliko katika milima ya Kivu. Upanga wa Pwani ukionekana Goma, inawezekana sana uliletwa baadaye na familia iliyotoka Kasongo, Kindu, Kisangani, Uvira au Bujumbura. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji si mwaka gani, bali: uliupata kwa nani, na yeye alitoka wapi?

Jua umeshika upanga wa namna gani

Kamusi za zamani za Kiswahili zinatusaidia, kwa sababu watu wa Pwani walikuwa na jina kwa kila aina. Upanga wa feleji ni mrefu, umenyooka, una makali pande zote mbili. Feleji ni chuma bora. Kitara ni upanga uliopinda. Upanga wa imani ni mfupi, na mpini wake una kipande kinachokingama kama msalaba. Jambia ni kisu kilichopinda kinachovaliwa mbele ya tumbo. Mtu anayesema tu "upanga wa Kiarabu" bado hajasema kitu.

Upanga mnyoofu wa Oman, ambao wakusanyaji wa Ulaya wanauita kattara, ni rahisi kuutambua. Mpini wake ni mrefu, wa mviringo kama bomba, hauna kikingio cha mkono. Bapa lake ni jembamba, linapindika na kurudi, na ncha yake ni ya mviringo. Mara nyingi uliandamana na ngao ndogo ya ngozi ngumu. Mpaka leo huko Oman panga hizo zinachezewa katika ngoma za sherehe.

Kutoka kaskazini kulikuja upanga mwingine unaofanana nao kidogo: kaskara ya Sudan. Huu pia umenyooka na una makali pande mbili, urefu wa bapa karibu sentimita 90, lakini una kikingio cha chuma kinachokingama kama msalaba, na ala yake ya ngozi inapanuka karibu na ncha kama jani. Jeshi la Léopold, chini ya Louis-Napoléon Chaltin, lilipigana na wafuasi wa Mahdi huko Rejaf, juu ya mto Nile, tarehe 17 mwezi wa pili 1897. Upanga wa aina hii ukitokea upande wa Uele au Ituri, sababu yake iko katika historia hiyo, si katika historia ya Tippu Tip.

Kisha kuna panga zetu wenyewe. Katika inchi za Maziwa Makuu, upande wa Rwanda, Burundi na Kivu, wafua chuma walitengeneza panga fupi zenye makali pande mbili na ala ya mti iliyochongwa. Kinyarwanda kinaziita inkota. Upande wa Uele, Wamangbetu walijulikana kwa visu vilivyopinda kama mundu, vingine vikiwa na mpini wa pembe ya ndovu. Wakuba wa Kasai wana ikul, kisu kifupi cha heshima chenye bapa kama jani. Wangombe na majirani wao wa Équateur wana ngulu, upanga unaoanza mnyoofu kisha unapinda kama mundu mkubwa. Ngulu ilichorwa na kupigwa picha sana na wazungu wa wakati wa ukoloni, na kwa sababu hiyo imeigwa sana. Ukiuziwa ngulu Goma, anza kwa kushuku.

Mwisho kuna silaha za jeshi la kikoloni, Force Publique, lililopita katika Kivu na Rwanda mwaka wa 1916 likielekea Tabora, ambako liliingia tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka huo. Watu wengi wanaita "upanga wa Wabelgiji" kitu ambacho kwa kweli ni bayoneti. Kuitambua si kazi: angalia kama kikingio kina tundu la mviringo la kupitisha mdomo wa bunduki, na kama mpini una kitufe cha kufungia. Namba zilizopigwa juu ya chuma pia ni alama ya silaha ya kiwanda na ya jeshi.

Kutu ya Goma haihesabu miaka

Wanunuzi wengi wanaona kutu na kusema: huu ni wa zamani. Katika mji wetu, hoja hiyo ni dhaifu kuliko mahali pengine. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi nyingi ya salfa, na mvua inayopita katika moshi huo inakuwa na asidi. Kila mkaaji wa Goma anajua namna mabati ya nyumba yanavyooza haraka. Chuma kilichoachwa nje kinaweza kupata sura ya uzee ndani ya muda mfupi. Na muuzaji asiyekuwa na subira anaweza kuongeza maji ya chumvi au asidi ya betri.

Kutu mpya kwa kawaida ni ya rangi ya machungwa, ni laini kama unga, inatoka ukipitisha kidole, na imeenea sawasawa kila mahali. Kutu ya miaka mingi ni nyeusi au kahawia nzito, imeshika ndani ya chuma, imeacha vishimo visivyolingana, na mahali ambapo mkono au ala viligusa pamekuwa laini. Hata hivyo, usitoe hukumu kwa kutu peke yake. Angalia chuma chenyewe.

Upanga uliotengenezwa kutoka resori ya gari una dalili zake. Resori ina unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi mwenye haraka anaacha unene huo. Upanga mzuri wa zamani unapungua unene polepole kutoka mpini kwenda kwenye ncha. Majani ya resori yana tundu katikati, mahali pa bolti. Ukiona tundu lisilokuwa na kazi, au mahali palipozibwa, umejua chuma kilikotoka. Pindua upanga kwenye mwanga na utafute mikwaruzo ya mashine ya umeme ya kusaga chuma: inakuwa mingi, imepinda kidogo, yote inaelekea upande mmoja. Fundi wa karne ya 19 alitumia nyundo, tupa na jiwe. Mikwaruzo ya tupa ni ya namna nyingine, mifupi na isiyofanana.

Panga nyingi za zamani zina mfereji mmoja au zaidi katikati ya bapa. Kazi ya mfereji ni kupunguza uzito bila kupunguza nguvu. Haukuwekwa ili damu itiririke, kama wengi wanavyosimulia. Mfereji wa kweli ni safi, umenyooka, kina chake ni kimoja. Uliokwanguliwa kwa mashine ili kuiga unayumba na kingo zake ni kali.

Mpini mara nyingi ndio unaotoa siri

Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, mafundi wengi wa zamani waliupitisha mpaka mwisho na kuugonga kwa nyundo ukapanuka kama kichwa cha msumari, au walitumia vipini vya chuma vya kupigilia. Angalia mwisho wa mpini. Ukiona alama ya kuunga kwa umeme, yenye vipele kama matone, kazi hiyo si ya wakati wa Tippu Tip. Ukiona skrubu yenye kichwa cha msalaba, jua kwamba skrubu za Phillips zilipata hati ya uvumbuzi Marekani katika miaka ya 1930. Aluminiamu nayo haikuwa chuma cha kawaida kabla ya njia ya kuitengeneza kwa wingi kupatikana mwaka wa 1886. Gundi inayong'aa na plastiki zinajieleza zenyewe.

Lakini hapa pia inafaa kuwa mwangalifu. Mpini mpya hauharibu ukweli wa bapa la zamani. Panga zilikuwa vitu vya kutumia, na vitu vya kutumia vinatengenezwa upya. Upanga wa Pwani unaweza kuwa na bapa la Ulaya, mpini uliowekwa Zanzibar na ala iliyoshonwa Maniema. Huo si uongo. Ni safari ya kitu. Kinachouliziwa ni kama kila kipande kimechakaa kwa namna inayofaa. Mpini uliolainishwa na mikono, pamoja na ala inayopokea bapa bila kulazimishwa, ni dalili nzuri. Mpini wenye sura ya miaka 100 juu ya bapa la juzi ni dalili mbaya.

Alama na maandishi

Ukiona alama ya mbwa mwitu anayekimbia, nusu-mwezi mbili, au herufi za Kilatini, usishangae na usipandishe bei mara moja. Mji wa Solingen, Ujerumani, uliuza mabapa ya upanga duniani kote kwa karne nyingi, pamoja na Afrika na Uarabuni. Kwa sababu alama hizo ziliheshimiwa, mafundi wa sehemu nyingine walizinakili. Nusu-mwezi iliyopigwa vibaya, isiyolingana upande na upande, mara nyingi ni nakala ya fundi wa huku huku Afrika. Nakala hiyo nayo inaweza kuwa na miaka mingi.

Maandishi ya Kiarabu yanahitaji msomaji. Mpelekee mwalimu wa madrasa au sheikh picha safi. Yanaweza kuwa jina la Mungu, aya, jina la mwenyewe au la fundi, na pengine mwaka. Mwaka huo kwa kawaida ni wa Hijria. Ili kuupata mwaka wetu kwa kukadiria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa mfano, mwaka 1310 wa Hijria ulianza mwezi wa saba 1892, yaani wakati vita vya Dhanis vinaanza. Lakini mwaka ulioandikwa unaonyesha tu mwaka ulioandikwa. Mtu yeyote mwenye patasi anaweza kuuandika. Angalia kama mikwaruzo ya herufi ina kutu ile ile iliyo kandoni mwake. Ikiwa herufi zinang'aa ndani na chuma ni cheusi nje, ziliandikwa karibuni.

Kama ni upanga kutoka mbali kabisa

Vitu vilivyokwisha kutumiwa vinafika Afrika kwa kontena kutoka Ulaya na Asia, kwa hiyo si kila upanga wa ajabu ni wa kwetu. Mfano mmoja ni panga za Wamoro, Waislamu wa Mindanao na Sulu, kusini mwa Ufilipino. Upanga wao unaojulikana zaidi ni kris: makali pande mbili, bapa pana karibu na mpini, mara nyingine mnyoofu na mara nyingine wenye mawimbi kama nyoka. Kampilan ni mrefu, una makali upande mmoja na mpini uliogawanyika mwishoni kama mdomo uliofunguliwa. Barong ni mnene na umbo lake ni kama jani. Maaskari wa Marekani waliopigana huko mwanzoni mwa karne ya 20 walirudi nazo nyumbani nyingi, na ndiyo sababu zinauzwa mpaka leo.

Wamoro wanatupatia somo zuri la namna ya kuchunguza. Juu ya bapa la kris, karibu na mpini, kuna kipande kinachokingama kinachoitwa gangya. Katika kris za zamani, kipande hicho kwa kawaida ni chuma cha peke yake kilichounganishwa na bapa. Katika nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1930, ni chuma kimoja, na fundi amechora mstari tu ili kuiga kiungo. Mnunuzi anayejua hilo anaweza kutenganisha upanga wa mababu na zawadi ya watalii kwa kuangalia mstari mmoja wa sentimita chache. Na kwetu ni hivyo hivyo: jibu liko katika kitu kidogo ambacho muuzaji hakukitaja.

Bei inapimwa namna gani

Hakuna bei moja ya upanga wa zamani. Wanaothamini wanauliza mambo matano: bapa ni la nani, mpini ni wa asili au umebadilishwa, ala ipo, hali yake ikoje, na historia yake inaweza kuthibitishwa. Hili la mwisho linaweza kubadilisha kila kitu. Upanga wa kawaida wenye barua ya zamani, picha ya babu akiwa ameuvaa, au namba ya orodha ya misioni, unaweza kuwa na thamani kuliko upanga mzuri usiojulikana ulikotoka.

Hapo ndipo Goma inapopoteza sana. Lava ya mwezi wa kwanza 2002 ilipita katikati ya mji. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka tena na watu wakakimbia. Vita vimehamisha familia mara nyingi kiasi cha kushindwa kuhesabu. Mtu anayekimbia anabeba watoto na godoro. Karatasi na picha zinabaki nyuma. Upanga ukifika sokoni, umekwisha kutenganishwa na wale waliojua jina la mwenyewe. Kwa hiyo, ukinunua, andika siku ile ile: siku, mahali, alichosema muuzaji, na alikosema aliupata. Andika alichosema kama alivyosema, bila kukiongeza. Mwombe asaini. Karatasi hiyo itakusaidia pia njiani, kwa sababu katika mji huu, ambao tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 uko mikononi mwa AFC/M23, mtu anayetembea na upanga mkononi anaweza kueleweka vibaya. Ufunge ndani ya kitambaa na uupeleke nyumbani moja kwa moja.

Kama unataka maoni ya mtaalamu, piga picha mchana, bila jua kali: upanga mzima pande zote mbili, mpini, mwisho wa mpini, mgongo wa bapa, kila alama, na ala. Weka rula kandoni. Andika urefu, upana na uzito. Picha hizo unaweza kuzitumia Taasisi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Congo, iliyo na makumbusho mapya Kinshasa tangu 2019, makumbusho ya Lubumbashi, au Tervuren, Ubelgiji. Mtaalamu anayetaja bei kubwa bila kuuliza picha ya mwisho wa mpini, usimfuate.

Sheria inasema nini

Mali ya utamaduni wa Congo inalindwa na ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, ambayo inaweka masharti juu ya kuitoa inchini. Congo iliridhia pia mwaka wa 1974 mapatano ya UNESCO ya 1970 juu ya biashara haramu ya vitu hivyo. Kuvuka mpaka kwenda Gisenyi na upanga wa mababu ndani ya mfuko si jambo dogo, hata kama umeulipia.

Mpini ukiwa wa pembe ya ndovu au wa pembe ya kifaru, kuna sheria nyingine. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikatazwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa 1989, na Congo ina sheria namba 14/003 ya mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda mazingira. Uzee wa upanga haukupi ruhusa ya kuusafirisha.

Tukumbushe kwamba Congo ilikuwa kati ya inchi za kwanza kudai vitu vyake. Mwaka wa 1973 Rais Mobutu alizungumzia jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa mwaka huo Baraza Kuu likapitisha azimio juu ya kurudisha kazi za sanaa. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu zaidi ya 100 Kinshasa. Katika fujo za miaka ya 1990 sehemu ya vitu hivyo iliibiwa ndani ya makumbusho na kuuzwa tena inje. Mwezi wa pili 2022 serikali yetu ilipokea kutoka Ubelgiji orodha ya vitu karibu 84 000 vilivyoko Tervuren. Ni vigumu kudai vya Tervuren huku vya Goma vikipita mpakani kama mitraye.

Usisugue

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwa mwizi wala kwa mwongo. Inatoka kwa mwenye upanga anayetaka ung'ae. Msasa, limau, brashi ya waya, mashine ya kusaga: vyote vinaondoa kutu pamoja na alama ya fundi, maandishi na rangi ya miaka. Upanga uliong'arishwa hivyo hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuusoma tena.

Inatosha kufanya hivi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Paka juu ya chuma peke yake mafuta kidogo ya cherehani, kisha ufute mpaka yabaki membamba. Usipake mafuta kwenye ngozi wala kwenye mti. Usiuache ndani ya ala ya ngozi wakati wa mvua, maana ngozi inashika unyevu na chuma kinaoza kimya kimya. Weka ala kandoni, upanga kandoni, mahali pakavu, mbali na watoto. Mpini ukilegea, usiupigilie msumari.

Na kama uchunguzi unaonyesha kwamba upanga wako ni resori ya gari iliyofuliwa vizuri, hujapoteza kila kitu. Fundi aliyeutengeneza ana mkono, na kazi yake inastahili kulipwa kwa jina lake na kwa bei yake. Kosa lilikuwa katika kumwondoa yeye na kuweka Tippu Tip mahali pake. Lakini ikionekana kwamba ni wa kweli, kabla ya kutafuta mnunuzi, tafuta wazee wa familia iliyoutoa, uandike wanayokumbuka wangali hai.